Jozi 60 za chuma ukingoni mwa Danube

Ukishuka kwenye tramu namba 2 jirani na Bunge la Hungaria mjini Budapest, mto unauona papo hapo, lakini viatu vya chuma, kumbukumbu ya waliouawa kwenye mto huu mwaka 1944 na 1945, huvioni. Viko gati la chini, na kati yako na vyenyewe inapita barabara ambayo magari yake hayana habari na mtu anayetembea. Mara ya kwanza nilizunguka juu ya ukuta kwa dakika 20 nikivichungulia kwa mbali, sijui pa kushukia, mpaka likatokea kundi la watalii waliojua njia, nikajipachika nyuma yao. Kutoka Bunge ni mwendo wa mita 300 hivi kuelekea kusini. Hakuna geti, hakuna tiketi, hakuna saa ya kufunga.

Kwa mazoea tungepaita mahali hapa mnara wa kumbukumbu, ila mnara haupo. Wala hakuna sanamu ya shujaa au ukuta wa majina. Kuna viatu tu, jozi 60 za chuma cha kusubu, vimekazwa kwenye jiwe la ukingoni kabisa, hatua moja kabla ya maji. Buti za mfanyakazi zilizolegea kamba. Viatu vya kike vya kisigino. Kiatu cha mwanamume kilicholala ubavu, kama kilichovuliwa kwa haraka. Na kati ya hivyo kuna vya mtoto, ambavyo ukivifunika kwa kiganja havionekani tena. Siku niliyokwenda, mtu alikuwa ameacha pipi ndani ya kimoja, na katika kingine maji ya mvua yalikuwa yametuama, mekundu kwa kutu. Nyuma kuna benchi la jiwe lenye urefu wa kama mita 40. Ng'ambo ya mto ni kilima cha Buda na kasri lake, mandhari ambayo watu hulipa fedha nzuri kuitazama wakiwa mezani kwenye boti za chakula cha jioni.

Wengi hudhani viatu hivi ni vile vyenyewe vilivyovuliwa na marehemu, vikahifadhiwa kwa namna fulani. Sivyo. Ni kazi ya sanaa: wazo la mtengeneza filamu Can Togay, akishirikiana na mchongaji Gyula Pauer, na ilizinduliwa tarehe 16 Aprili 2005, mwaka wa 60 tangu vita viishe. Umbo lake ni la viatu vya miaka ya 1940, ndiyo maana jicho linadanganyika. Viatu halisi vya wahanga unavikuta Auschwitz, kambi ya mauaji ya Manazi iliyoko Poland, ambako makumbusho yanatunza zaidi ya laki moja. Idadi ya 60 nayo isichukuliwe kuwa hesabu ya waliokufa, na kipande hiki cha gati kisichukuliwe kuwa ndipo pekee walipouawa. Mauaji yalifanyika sehemu nyingi za kingo hizi, upande wa Pest na upande wa Buda, nusu mbili za mji zinazotenganishwa na mto.

Sakafuni, sehemu tatu, kuna vibao vya chuma vyenye maneno yaleyale kwa Kihungaria, Kiingereza na Kiebrania: kwa kumbukumbu ya wahanga waliopigwa risasi wakaangukia Danube, kwa mikono ya wanamgambo wa Msalaba wa Mishale, mwaka 1944 na 1945. Kihungaria kina namna ya kulisema hilo ambayo Kiswahili kinalazimika kuivunja vipande. *Dunába lőtt*, maneno mawili tu, maana yake "aliyepigwa risasi kuingia Danube". Kwetu risasi inapiga kwanza, kisha mtu anaanguka, kisha maji yanampokea. Kwao yote matatu yamekaa ndani ya pumzi moja, na kila Mhungaria akiyasikia anajua ni kipindi gani kinachozungumzwa.

Sasa kisome kibao mara ya pili, utafute kisichokuwepo. Neno "Wayahudi" halimo. Wala hakisemi kwamba waliofyatua risasi walikuwa Wahungaria, raia wa nchi moja na hao waliosimama ukingoni. Anayejua historia anajaza mwenyewe. Asiyejua anapiga picha, anatikisa kichwa, anasema "hawa Manazi!" akiwa na maana ya Wajerumani, kisha anaondoka. Nimemsikia mtu akisema hivyohivyo nikiwa nimekaa kwenye lile benchi, na sikumlaumu, maana viatu vyenyewe vinasema mengi kwa haraka mno. Vinauma kabla hujaelewa. Kuelewa kunataka kurudi nyuma kidogo.

Hungaria iliingia Vita Kuu ya Pili upande wa Ujerumani, na haikuburutwa kwa mtutu. Mtawala wake, Miklós Horthy, alikuwa admirali katika nchi isiyo na bahari, akishikilia kiti kwa niaba ya mfalme ambaye hayupo. Kwa kuegemea upande wa Hitler nchi ilirudishiwa sehemu ya ardhi iliyopokonywa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Sheria za kuwabana Wayahudi zilitungwa na bunge la Hungaria lenyewe, bila Mjerumani kusimama mlangoni. Ya mwaka 1938 iliweka kikomo cha asilimia 20 kwa Wayahudi katika taaluma kadhaa. Ya 1939 ikashusha hadi asilimia 6, ikaanza pia kupima Uyahudi kwa ukoo badala ya dini, hata aliyebatizwa akajikuta ndani. Ya 1941 ikapiga marufuku ndoa kati yao na wasio Wayahudi. Wanaume wa Kiyahudi walioitwa jeshini hawakupewa bunduki, walipewa sepetu, na maelfu yao walifia upande wa mashariki katika vikosi vya kazi za lazima.

Pamoja na yote hayo, mwanzoni mwa 1944 Wayahudi wengi wa Hungaria walikuwa bado hai, wakati wenzao wa Poland walikuwa wameangamizwa karibu wote. Tarehe 19 Machi mwaka huo Wajerumani wakaikalia nchi, wakihofia kwamba mshirika wao anatafuta mlango wa kutokea. Adolf Eichmann, afisa wa Kinazi aliyesimamia kuwasafirisha Wayahudi, akaja na kikosi kidogo. Udogo wa kikosi hicho ndio wa kuzingatia. Kuwaandikisha watu, kuwatoa majumbani vijijini, kuwapekua na kuwapakia kwenye mabehewa kulifanywa na askari, makarani na reli ya Hungaria. Kati ya 15 Mei na 9 Julai, siku zisizofika 60, walisafirishwa watu wapatao 437,000, karibu wote kwenda Auschwitz, na wengi waliuawa siku ileile waliyofika. Mapema Julai Horthy akaamuru treni zisimame. Shinikizo la nje lilikuwa limemwelemea, na alikwisha kuona vita vinaelekea wapi. Mikoani hakukuwa tena na Wayahudi wa kusafirisha. Waliosalia ni wa mji mkuu, kama 200,000, wakiwa wamebanwa katika majengo yaliyobandikwa nyota ya njano mlangoni.

Waliouawa kwenye Danube wengi walitoka kati ya hawa waliosalia. Walikuwa wameponea treni.

Jumapili ya tarehe 15 Oktoba 1944 Horthy alitangaza redioni kwamba nchi yake inaomba kusitisha vita. Asubuhi hiyohiyo makomando wa Kijerumani chini ya Otto Skorzeny walikuwa wamemteka mwanawe. Mzee akanywea, akajiuzulu, na madaraka yakaangukia mikononi mwa Ferenc Szálasi, kiongozi wa chama cha Msalaba wa Mishale, mafashisti wa Kihungaria. Wenyeji humwita mfuasi wa chama hicho *nyilas*, mtu wa mishale, na hadi leo neno hilo ni tusi.

Novemba makumi ya maelfu ya Wayahudi walitembezwa kwa miguu kuelekea mpaka wa Austria, na njia nzima ikajaa waliodondoka. Mwishoni mwa mwezi ikatolewa amri ya kuanzisha geto mjini Pest, na tarehe 10 Desemba likafungwa. (Geto hapa si kile chumba cha kijana anayejitegemea. Ni mtaa mzima uliozungushiwa uzio, watu 70,000 ndani yake, chakula kikiingia kwa kijiko.) Kuanzia siku za Krismasi Jeshi Jekundu la Wasovieti likauzingira mji wote. Serikali ya Szálasi ilikwisha kukimbilia magharibi. Waliobaki mitaani ni makundi ya wanamgambo, baadhi yao vijana wasiofika miaka 20, wana bunduki na kitambaa mkononi, na hakuna wa kuwauliza. Vita vilikuwa vimeshindwa, na kila mtu alijua hivyo, wao pia. Sioni jambo katika habari hii linalonisumbua zaidi ya hilo: hakuna walichoweza kupata kwa mauaji hayo, hata kwa hesabu zao wenyewe, zaidi ya vile viatu.

Yaliyokuwa yakitendeka yanajulikana kupitia walionusurika na kesi zilizosikilizwa baada ya vita. Kundi linaingia katika jengo, mara nyingi usiku, linawatoa watu kwa kisingizio chochote, linawatembeza kwenye theluji hadi mtoni. Ukingoni wanaamriwa kuvua makoti na viatu. Mara nyingine walifungwa wawili wawili au watatu watatu kwa kamba au waya, akapigwa risasi mmoja, na uzito wake ukawavuta wenzake kwenye maji yenye vipande vya barafu. Mji ulikuwa umezingirwa, risasi zilikuwa za kuhesabu. Mto nao ulifanya kazi ambayo vinginevyo ingetaka sepetu na wachimbaji, kwa kuwa uliondoa miili usiku huohuo. Mmoja wa viongozi wa makundi haya, András Kun, alikuwa mtawa wa zamani aliyetembea na joho lake la kitawa na bastola kiunoni. Alinyongwa Septemba 1945. Szálasi alinyongwa Machi 1946.

Na kwa nini viatu? Jibu ni la sokoni. Katika mji uliozingirwa, wakati wa baridi kali, kiatu cha ngozi kilikuwa mali: kinavalika, kinauzika, kinabadilishwa kwa mkate. Aliyevaa alikuwa haitajiki, alichovaa kilikuwa kinahitajika. Ukikaa kwenye benchi na wazo hilo, vile viatu vya chuma hubadilika machoni pako. Kamba iliyolegea inakuambia kwamba kuna mtu aliinama, na vidole vimekufa ganzi kwa baridi, akahangaika na fundo huku mwenye bunduki akisubiri. Mzazi alimvua mtoto kwanza, au alijivua mwenyewe kwanza? Wachongaji walikamata dakika hiyo tu, wakaacha kabla na baada, na nadhani walikuwa sahihi. Mwili wowote wa shaba pale ungeharibu kila kitu.

Kulikuwa na waliojaribu kuzuia. Raoul Wallenberg, mwanadiplomasia wa Sweden, na Carl Lutz, naibu konsuli wa Uswisi, walitoa hati za ulinzi na kukodi majengo yaliyopeperusha bendera za nchi zao. Lutz aliruhusiwa hati 8,000. Akazihesabu kwa familia badala ya mtu mmoja mmoja, na alipofika namba 8,000 akaanza tena moja. Giorgio Perlasca, Mwitaliano mfanyabiashara, alijifanya mwanadiplomasia wa Hispania baada ya mwenye cheo kuondoka, na hati alizotia saini zikaheshimiwa. Lakini kufikia Desemba karatasi hizo zilikuwa zimeanza kuchuja. Mwanamgambo mlevi saa saba za usiku hasomi mhuri, na watu wengi waliokuwa na hati halali mfukoni walitolewa kwenye nyumba za ulinzi wakapelekwa mtoni. Wallenberg mwenyewe alichukuliwa na Wasovieti Januari 1945, hakurudi.

Tarehe 27 Desemba 1944 aliuawa mtoni Sára Salkaházi, mtawa Mkatoliki aliyewaficha Wayahudi katika hosteli ya wanawake wafanyakazi. Kuna aliyepeleka habari. Wanamgambo walipofika yeye hakuwepo. Alirudi akawakuta, akachukuliwa pamoja na aliowaficha. Kanisa lilimtangaza mwenyeheri mwaka 2006. Kwa hiyo si kila aliyeanguka Danube alikuwa Myahudi, ingawa walio wengi mno walikuwa Wayahudi, na hao wengine walifia hapo kwa sababu yao. Leo vipande vya gati za Budapest vina majina ya watu wa namna hii: kuna gati la Carl Lutz, la Salkaházi, na la Jane Haining, mlezi wa bweni la shule kutoka Scotland aliyekataa kuwaacha wasichana wake wa Kiyahudi na akafia Auschwitz. Mgeni hupita juu ya majina hayo akitafuta viatu.

Walikufa wangapi? Ukisoma vitabu vitatu utapata namba tatu, kuanzia elfu chache hadi 20,000. Tofauti hiyo watu wabaya huitumia kuleta shaka, kwa hiyo ni vizuri kujua inatoka wapi. Auschwitz kulikuwa na treni, na treni ina karani. Danube hapakuwa na karani. Makundi yalijituma yenyewe, hakuna aliyeandika majina, miili ilichukuliwa na maji, na wakati huohuo mabomu, njaa na baridi vilikuwa vikiua maelfu mengine ndani ya mji uleule. Pest ilikombolewa katikati ya Januari, Buda ikapigana hadi 13 Februari. Waliotaka kumtafuta ndugu yao baada ya hapo walianzia wapi?

Mto haukuchukua wote. Mwaka 2011, wakati wa ukarabati wa Daraja la Margit, mifupa ya watu ilipatikana ndani ya Danube. Ikachunguzwa, ikahusishwa na mauaji haya, na mwaka 2016 ikazikwa kwa taratibu za Kiyahudi katika makaburi ya mtaa wa Kozma.

Msomaji wa Bukoba au Rakai aliyekuwa na umri wa kuelewa mwaka 1994 hahitaji kuchorewa picha. Miili iliyotupwa kwenye Nyabarongo na Akagera nchini Rwanda ilishuka hadi Ziwa Victoria, wavuvi wakaikuta, watu wakaacha kula samaki kwa muda. Ila ziwa lilirudisha. Upande wa Uganda, Kasensero, Lambu na Ggolo, kuna makaburi ya maelfu waliotolewa majini, na Wanyarwanda huenda kuwaombea huko. Danube huteremka hadi Bahari Nyeusi na hakuna ziwa njiani la kumrudisha mtu. Familia nyingi za Budapest hazina pa kwenda isipokuwa ukingoni, na hiyo ndiyo sababu mahali hapa pana mambo ya kaburi kuliko ya makumbusho.

Utaona vijiwe ndani ya viatu na pembeni yake. Si takataka wala mchezo wa watoto. Ni desturi ya Kiyahudi ya kuweka jiwe kaburini, ishara kwamba kuna aliyekuja. Ukiwa na jiwe, weka. Ukikuta la mwenzako, liache. Mishumaa, maua na utepe wa rangi za bendera ya Israeli huletwa pia. Usiingize mguu wako ndani ya kiatu ili upigwe picha. Naandika hivyo kwa sababu nimeona mtu akifanya, akicheka, na mama mmoja mzee aliyekuwa kwenye benchi akageuza uso kuangalia upande wa daraja. Nenda asubuhi ukiweza, kabla ya mabasi ya watalii. Na kama mto umejaa, usihangaike: gati la chini hufungwa. Juni 2013 maji yalifika sentimita 891 kwenye kipimo cha Budapest, rekodi ya mji, na viatu vyote vikawa chini yake.

Ukimaliza, tembea kama dakika kumi hadi uwanja wa Szabadság, maana ule ubishi wa kibao, wa nani alimfanyia nani, unaukuta huko umesimama kwa mawe. Mwaka 2014 serikali ilijenga kumbukumbu ya kukaliwa na Wajerumani: malaika Gabrieli, ambaye ndiye Hungaria, anashambuliwa na tai, ambaye ndiye Ujerumani. Maana yake haihitaji mkalimani. Nchi ilikuwa mhanga, ubaya ulitoka nje. Wengi, Wayahudi na wasio Wayahudi, waliikataa sanamu hiyo kabla haijamalizika, wakiuliza ni nani basi aliyepakia yale mabehewa, na ni nani aliyesimama ukingoni usiku na bunduki. Ilisimamishwa chini ya ulinzi wa polisi, na haikupata uzinduzi rasmi.

Mbele yake, kando ya barabara, watu wamepanga vitu vyao wenyewe: masanduku ya safari, miwani, picha za babu na bibi, vijiwe, barua zilizoandikwa kwa lugha mbalimbali. Hakuna mchongaji aliyeitwa. Majina ambayo hayako kwenye gati yako hapa, kwenye karatasi, na karatasi nyingi zimefunikwa kwa plastiki kwa ajili ya mvua.